Betri imevimba na kukwama ndani ya Canon 70D. Ninunue orijino moja au kopi tatu?

BintiMakorora

Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Nitaandika kwa urefu kidogo ili mnielewe.

Mimi ni mpiga picha wa shughuli za wanawake hapa Tanga: singo, kicheni pati, mikesha ya kibao kata. Kazi hii naipata kwa sababu mwanamume haingii humo. Mlangoni simu za wageni zinakusanywa kwenye beseni, bi harusi anakaa bila shela, na mwenye kamera ni mimi peke yangu. Kamera yangu ikizima, hiyo shughuli haina picha. Hakuna wa kusema nimepiga kwa simu nitakurushia.

Natumia Canon 70D. Niliinunua mkononi kwa mtu miaka mitatu iliyopita, ikaja na betri moja ya LP-E6 ya Canon wenyewe. Mwaka jana nikaongeza ya pili dukani, ya kopi, umbo lilelile. Niliichagua kwa sababu ya namba tu. Ile ya zamani imeandikwa 1800 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, hii imeandikwa 2650. Nikajua itakaa zaidi, na bei yake haikufika hata nusu ya orijino.

Wiki iliyopita nilikuwa Pangani kwenye singo. Ile ya zamani niliimaliza mchana kwa picha za hina. Nikaweka ya 2650, skrini ikaonyesha imejaa. Nikapiga picha kama sitini hivi. Somo anamwinua bi harusi mkekani, mama mzazi machozi yanamtoka, ngoma imekolea, kamera ikazima. Alama ya betri haikupungua hata kidogo kabla ya hapo. Nikafungua kifuniko nitoe betri nipulizepulize, haitoki. Imevimba, imebana pande zote. Mpaka naandika hapa imo humohumo.

Mama wa bi harusi hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Basi mwanangu." Nilirudisha nusu ya malipo, na bado moyo haujatulia, kwa sababu ile dakika haiji tena.

Kwanza, nitaitoaje bila kuumiza kamera? Pili, hela niliyonayo inatosha orijino moja, au kopi tatu. Nichukue zipi? Tatu, hata ile ya zamani siku hizi haifiki usiku. Huwa nazichaji zikajaa nikimaliza kazi, nazirudisha kwenye mkoba, zinakaa tayari mpaka shughuli nyingine, pengine wiki tatu. Nakosea?

Fundi_BarabaraYa14

Pole sana mwanangu. Kwanza hiyo betri isilale humo usiku mwingine. Kamera usiiwashe. Na asije mtu akakuletea bisibisi au kisu cha jikoni achokoe. Ndani ya betri ya lithiamu mna matabaka membamba mno yamekunjwa pamoja na kimiminika kinachoshika moto. Ukiyatoboa yakagusana, moto wake si wa kuzima kwa kupuliza.

Fanya hivi. Toa lenzi, funika mdomo wa kamera. Igeuze kifuniko cha betri kitazame chini. Sukuma kile kikufuli kidogo kinachoishika betri, ukiwa umekisukuma gongagonga kamera polepole juu ya kiganja. Nyingi zinateremka. Ikikataa, bandika selotepu imara mgongoni mwa betri uivute kwa hiyo selotepu, moja kwa moja bila kupindisha. Ikikataa na hapo, niletee Ngamiani nifungue mwili wa kamera kutokea chini. Kazi hiyo naijua, nimeshaifanya.

Ikitoka, ziba vyuma vyake kwa selotepu, itie kwenye kopo la mchanga mkavu, kopo likae nje mbali na watoto. Usiichanganye na taka za kuchomwa uani. Mimi dukani nina ndoo ya mchanga kwa kazi hiyo, napeleka kwa wanaokusanya vyuma vya elektroniki. Ukipita iache kwangu.

Sasa hiyo 2650. Ndani ya LP-E6 zinakaa seli mbili zimeungwa mfululizo, kila moja volti 3.6, ndiyo maana juu pameandikwa 7.2. Canon waliitoa mwaka 2008 ikiwa 1800. Mwaka 2014 ikaja LP-E6N ya 1865. Mwaka 2020 LP-E6NH ya 2130. Hesabu mwenyewe: miaka 12, wahandisi wao wote, wameongeza 330 katika kasha lilelile. Halafu kiwanda ambacho hata jina hakikuandika kinakupa 2650 kwa bei ya kutupa? Nimewahi kufungua moja ya aina hiyo iliyokufa kabisa. Seli zilikuwa ndogo, na pembeni kipande cha plastiki cha kujazia nafasi.

Ukitaka kujua kabla ya kununua, pima uzito. LP-E6 ina takriban gramu 80. Namba ya kwenye karatasi mtu anaandika atakavyo, uzito wa seli haufichiki.

Kwa hiyo ushauri wangu: orijino moja, kopi achana nazo.

BintiMakorora

Shikamoo fundi. Imetoka! Niligonga mara nyingi mpaka kiganja kikawa chekundu, kisha ile selotepu ikamaliza kazi. Kamera inawaka na betri ya zamani, mlango unafunga vizuri. Ahsante, ahsante sana.

Dada yangu anaoka keki, ana mzani wa jikoni. Nimezipima zote mbili. Ya zamani gramu 79. Iliyovimba gramu 61. Nimekaa naiangalia hiyo 61 muda mrefu.

Lakini fundi, orijino moja ukijumlisha na hii inayochoka, nitafika saa nane za usiku kweli? Shughuli zetu unazijua.

Mpiga_Ndege_Amani

Dada pole na hongera kwa kuitoa. Mimi napiga picha za ndege kwenye msitu wa Amani, juu ya Muheza, natumia 80D, betri ni hizohizo. Fundi namheshimu, ila hapo pa kuachana na kopi zote sikubaliani naye. Nina kopi mbili za kampuni inayoandika jina lake na kutoa dhamana, zimeandikwa 1900 na kitu, zina mwaka wa tatu sasa na zinafanya kazi. Ninachokataa ni kopi inayojisifu kupita orijino.

Tofauti nyingine iko kwenye chipu. Betri ya LP-E6 inaongea na kamera. Ingia kwenye menyu ya 70D, sehemu ya taarifa za betri, utaona asilimia iliyobaki na vijimstari vya afya yake. Vitatu vya kijani, nzima. Viwili, imeanza kuchoka. Kimoja chekundu, tafuta nyingine. Kopi mbovu ama haionyeshi kitu hapo, ama chipu yake inadanganya, inasema imejaa mpaka dakika ya kuzima. Nadhani hilo ndilo lililokukuta Pangani. Hebu angalia ile ya zamani ina vijimstari vingapi.

Kopi mpya usiende nayo kazini siku ya kwanza. Ichaji ijae, washa video nyumbani, iache irekodi ukuta. 70D inakata kipande kabla ya dakika 30, kwa hiyo kaa karibu uiwashe tena, andika muda mpaka ifike mwisho. Fanya hivyohivyo na orijino yenye afya. Kopi ikipata robo tatu ya muda wa orijino, mimi naikubali kuwa ya akiba. Chini ya hapo rudisha dukani risiti ikiwa bado mkononi.

Lingine linahusu unavyopiga. Unatumia skrini au unachungulia? Kwa vipimo vya Canon, 70D kwa betri moja inapiga picha kama 920 ukichungulia kwenye kitundu, na kama 210 tu ukipigia kwenye skrini. Ni betri ileile. Kama shughuli nzima unashikilia skrini, hapo ndipo betri inapokwenda.

BintiMakorora

Napigia skrini karibu usiku kucha. Wanawake wamekaa chini mkekani, mimi nashusha kamera chini naigeuza skrini juu, ndiyo picha zangu zinapata ule ukaribu wanaoupenda. Siku zote sikuwahi kuhusisha hilo na betri.

Vijimstari vya ya zamani ni viwili.

Mpiga_Ndege_Amani

Basi ile skrini itumie panapohitaji, mkekani hapo. Wakiwa wamesimama, rudi kwenye kitundu. Zima waifai ya kamera, 70D inayo na wengi tunaisahau ikiwa imewashwa. Picha ikishapigwa isikae kwenye skrini sekunde nane, weka mbili. Kamera ijizime baada ya dakika moja ukiwa huigusi, ukibonyeza kidogo kitufe cha kupigia inaamka palepale. Na usiache kidole kimelalia nusu ya kitufe ukisubiri tukio, kwa sababu lenzi yenye kituliza mtikisiko inafanya kazi muda wote huo.

Kile kiflashi cha juu ya kamera kinakula betri hiyohiyo. Una flashi ya kupachika?

DadaKaole

Naingia kwenye hilo la flashi, samahanini. Napiga picha Bagamoyo, maharusi na watalii wanaokuja magofu ya Kaole. Flashi ya kupachika inatumia betri zake za AA nne, na hapo kamera inapumua. Chukua zile za nikeli za kuchaji. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, usiogope, flashi inazipenda kuliko zile za kutupa kwa sababu zinatoa umeme mwingi kwa mkupuo bila kulegea. Zipange seti ya nne nne, uziandike kwa kalamu ya wino A na B, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja. Ukichanganya iliyochoka na mpya, ile iliyochoka inaziangusha zote.

Sisi wa pwani tuna chumvi. Vile vyuma vya dhahabu vya betri vinashika utando usiouona, kamera inasoma vibaya. Kila baada ya kazi vifute kwa kitambaa kikavu. Mimi hutumia pamba yenye spiriti kidogo mara moja kwa mwezi, naacha pakauke kabisa kabla ya kufunga.

Halafu ule mfuniko wa plastiki wa LP-E6, usiutupe. Una kitundu chenye umbo la betri. Ukiuvalisha upande mmoja rangi ya buluu inaonekana kitunduni, ukiugeuza haionekani. Buluu imejaa, bila buluu imeisha. Gizani kwenye shughuli hutahangaika kuuliza hii nilishaitumia au bado.

Fundi_BarabaraYa14

Marahaba binti. Mpiga ndege amenisahihisha kwa adabu na nakubali: kopi yenye jina na dhamana ni kitu kingine. Mimi huletewa zilizovimba tu, nzima hazifiki mezani kwangu.

Swali lako la tatu sijalijibu. Kosa lako ni hilo la kuziacha zimejaa wiki tatu, tena mkobani katika joto letu. Lithiamu inachakaa upesi inapokaa imejaa mahali pa moto. Zikae nusu, chumba chenye kivuli na hewa, nje ya kamera. Uzijaze usiku wa kuamkia kazi. Mkoba usiuache ndani ya gari lililoanikwa juani, wala chini ya kiti cha bodaboda jirani na injini. Na ile habari ya kuimaliza mpaka sifuri ndipo uchaji ilikuwa ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Hii ichaji hata ikiwa nusu, haina neno.

Chaja yako kama ni ya Canon, taa ya machungwa ikikonyeza mara moja moja bado haijafika nusu, mbili mbili imevuka nusu, tatu tatu imevuka asilimia 75, kijani imejaa. Saa mbili na nusu hivi kwa ile ya 1800. Chaja hiyohiyo inachaji N na NH, na 70D inazikubali zote, kwa hiyo ukikuta NH kwa bei unayoiweza, chukua.

BintiMakorora

Na umeme ukikatika? Pangani ulikatika saa mbili ukarudi alfajiri.

DadaKaole

Chaja ndogo ya USB ya betri mbili, na pawabenki. Betri yako ni volti 7.2 mara 1.8 (zile 1800 mAh ukigawa kwa elfu), karibu Wh 13, yaani nishati iliyomo. Pawabenki ya 10,000 mAh ndani ni volti 3.7, yaani Wh 37. Kiasi kinapotea njiani, lakini betri mbili inajaza. Iweke kwenye mkoba wako wa sare, mlangoni waeleze mapema kuwa hiyo si simu.

BintiMakorora

Narudi kuleta majibu. Nimenunua LP-E6NH moja ya Canon, na kopi moja yenye jina, imeandikwa 1900. Muuzaji alishangaa nilipotoa mzani wa keki mkobani, lakini aliniachia nipime. Kopi ilisoma gramu 77. Nimeirekodisha ukuta wa sebuleni mpaka ikaisha: saa moja na dakika sita. Ile NH ilikwenda saa moja na dakika ishirini na nne. Robo tatu imevuka, nimeikubali.

Ya zamani nimeiandika "3", itatoka mwisho kabisa. Iliyovimba iko kwenye kopo la mchanga, fundi, Jumatatu nakuletea.

Mama wa Pangani alinipigia jana. Mdogo wake bi harusi anaolewa mwezi ujao, anataka niende. Nimemwambia nitakuja, na zile picha sitini nimemchapia bure, zimo kwenye albamu.