Ulinganisho wa njia za kukabiliana na mlio wa masikioni: sauti ya nje, kifaa cha kusikia au tiba ya fikra?

Msikivu aliandika:
Wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mlio wangu ni mwembamba kama wa mbu, uko katika masikio yote mawili, hauendi na mapigo ya moyo, na huzidi usiku nyumba inapotulia. Daktari wa masikio, pua na koo ameondoa nta, amenipima usikivu, na kunieleza kwamba nimepoteza kiasi fulani cha usikivu wa sauti nyembamba, ila hakuna ugonjwa mwingine unaohitaji kutibiwa. Amenitajia njia tatu: sauti ya nje ya kupunguza makali ya mlio, vifaa vya kusaidia kusikia, au tiba ya fikra na mwenendo, yaani vikao vya mazungumzo na mwanasaikolojia vya kubadili namna ya kuuchukulia mlio. Jamaa nao wananihimiza ninywe vidonge vya ginko, dawa ya majani ya mti. Siwezi kuanza yote kwa pamoja. Ipi itangulie?

Mwalimu Mstaafu alijibu:
Ndugu Msikivu, ulinganisho wowote utakuwa na maana tukielewana kwanza kuhusu chanzo. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba seli zenye vinyweleo za sikio la ndani zinapoharibika, kwa kelele au kwa umri, ubongo hupokea ishara pungufu, nao hujaribu kufidia upungufu huo kwa kujiongezea wepesi wa kusikia, hadi shughuli ya neva yenyewe inaanza kusikika kama sauti. Ndiyo sababu mlio mara nyingi hukaa karibu na masafa (wembamba au unene wa sauti) yale yale ambayo kipimo kimeonyesha yamepungua, na ndiyo sababu ukimya wa usiku huukuza.

Mwaka 1953, Heller na Bergman waliwaingiza watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopenya sauti, na asilimia 94 kati yao walisema wamesikia mlio au mvumo fulani. Kinachotutofautisha na hao ni kwamba wao wakitoka chumbani humo husahau, ilhali sisi ubongo wetu umeuhesabu mlio kuwa habari muhimu. Njia ulizotajiwa zinagusa sehemu mbalimbali za mnyororo huo, kwa hiyo usizipange kana kwamba zinashindania kazi moja.

Fundi wa Mitambo alijibu:
Kwa kuwa kipimo chako kimeonyesha upungufu, mimi ningetanguliza vifaa vya kusikia. Nimevitumia kwa muda mrefu baada ya kazi ya mashine kuniharibu masikio. Mlio haukuondoka, lakini mchana huwa nausahau kwa saa nyingi, kwa sababu sauti za kawaida za dunia zimerudi, na pia siumii tena kwa kukaza masikio kila mtu anapozungumza. Uchovu ule wa kukaza masikio hauandikwi sana, nao kwangu ulikuwa nusu ya mateso.

Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2014 unapendekeza mtu mwenye mlio sugu unaomsumbua, na aliyepungukiwa usikivu, apimwe kwa ajili ya vifaa hivi. Mwombe mtaalamu wa usikivu akufungie aina isiyoziba tundu la sikio, kwa maana sikio likizibwa mlio hupanda. Udhaifu wake ni kwamba unavivua usiku, saa ile ile unayolalamikia.

Binti Mvua alijibu:
Hapo ndipo sauti ya nje inapoingia. Mashine ndogo ya mvumo, feni, au programu ya simu yenye sauti ya mvua hutosha, na haina gharama kubwa. Wengi hukosea kwa kupandisha sauti hadi mlio ufunikwe kabisa. Katika mafunzo ya kuzoea mlio yaliyotokana na kazi ya mtafiti wa mlio Jastreboff, sauti huwekwa chini kidogo ya mlio ili vyote viwili visikike, kwa sababu ubongo hauwezi kuzoea kitu usichokisikia.

Nahodha alijibu:
Dada Binti Mvua, nakubaliana nawe kuhusu usiku, ila tusiyape mafunzo hayo sifa kupita ushahidi wake. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 liliyalinganisha na huduma ya kawaida ya ushauri, na halikupata tofauti ya maana.

Kwa upande wa ushahidi, inayoongoza ni tiba ya fikra na mwenendo. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 28 zenye washiriki 2,733, yakaona kwamba tiba hiyo hupunguza namna mlio unavyoharibu maisha. Haipunguzi ukubwa wa sauti yenyewe, na anayeifuata akitarajia ukimya atakata tamaa mapema. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka huo huo unapanga kuanza na programu ya tiba hiyo kwenye kompyuta au simu, kisha kikundi, kisha vikao vya mtu mmoja. Kama usingizi umekwisha kabisa, au wazo la "nitaishi hivi milele" halikuachii, mimi ningeitanguliza mbele ya vifaa.

Binti Mvua alijibu:
Sipingi, Nahodha. Lakini kupata mwanasaikolojia anayeujua mlio kunaweza kuchukua muda, na mtu anahitaji kulala leo.

Mfamasia alijibu:
Kuhusu ginko nitakuwa mfupi: mapitio ya Cochrane hayakuona faida ya maana, na mwongozo uliotajwa na Fundi unaikataa pamoja na melatonini na zinki. Isitoshe, ginko inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mpelekee daktari orodha ya dawa zako zote, kwa kuwa aspirini ya kiwango kikubwa, kwinini, furosemaidi na jentamaisini zinaweza kuleta mlio. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.

Msikivu alijibu:
Nashukuru sana. Nitaanza na sauti ya chini usiku, nitaomba kujaribishwa vifaa mchana, na tiba ya fikra nitajiandikisha sasa ili zamu yangu ifike. Swali moja limebaki: nitajuaje kwamba ninaendelea vizuri, ikiwa mlio wenyewe hautapungua?

Nahodha alijibu:
Omba dodoso la maswali 25 kuhusu athari za mlio, ambalo alama zake huenda kuanzia 0 hadi 100. Lijaze kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi michache. Usijipime kila asubuhi kwa kutega sikio. Kutega huko ndiko kunakoufundisha ubongo kuutafuta mlio.

Mfamasia alijibu:
Niongeze jambo la usalama. Usikivu ukishuka ghafla katika sikio moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za steroidi hufaa zaidi zikianza mapema. Mlio ukianza kudunda pamoja na moyo, ukibaki upande mmoja tu, au ukija na kizunguzungu kikali au uso kulegea, huo si mlio tuliokuwa tukiujadili hapa, na uchunguzi uanze upya.