Fundi amehukumu haidroliki ya trekta langu bila kushika spana

Wanajukwaa, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Fundi huyu wakulima wote wa Babati mnamfahamu, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Asubuhi ya leo, mbele ya dereva na vibarua wangu, amesimama mbali na Massey Ferguson 135 langu na kutamka: "Mzee, pampu imekufa, kauze chuma chakavu." Kauze chuma chakavu!

Ugonjwa wa haidroliki hiyo, yaani mfumo wa kunyanyua plau kwa nguvu ya oili, hata mbuzi wa jirani angeueleza. Oili ikiwa baridi mikono ya nyuma hunyanyua plau la diski vizuri, lakini ikishapata moto plau hupanda nusu, hutetemeka, kisha hushuka lenyewe. Pampu ya matrekta haya imezama ndani ya sanduku la nyuma na hutumia oili ileile ya gia, kama lita 30 hivi, kwa hiyo fundi anayejiheshimu huanza kwa kupima oili na kusafisha chujio, kisha hufungua mfuniko wa ubavuni na kumulika tochi, mzigo ukiwa juu na watu wakiwa mbali, aone kama inavuja kwenye oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za bomba, kwenye silinda ya kunyanyulia au kwenye pampu yenyewe.

Nilichomoa kijiti cha oili nikamwonyesha: nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake maji ya mvua yamepenya kwenye mpira uliochanika wa mkono wa gia. Alikitazama, akarudia kuniambia nikauze chuma chakavu trekta lililosomesha wanangu wote, halafu akadai posho ya kuja kuangalia!

Spana Mkononi: Pole sana, mkuu. Hata mimi aliniambia pampu imekufa, kumbe mkono wa PTO (shafti ya nyuma inayotoa nguvu ya injini kwenda kwenye mashine) ulikuwa haujaingizwa, na pampu hiyo huzungushwa na shafti ya PTO.

Mama Mahindi: Mzee wangu, mpira umechanika, mvua imeingia, oili imegeuka maziwa, nawe unalilia maneno ya fundi? Mwaga oili hiyo kwanza, ndipo uje kulalamika.

Mwanzisha uzi: Oili nitaimwaga, mama. Lakini kuambiwa kauze chuma chakavu mbele ya vibarua wangu sikubali.

Mlimaji wa Magugu: Afadhali mafundi. Wauza vipuri ndio wanaotumaliza, kwa sababu wanatuuzia oringi zilizokauka dukani, ambazo ukizikunja vidoleni zinaonyesha nyufa, na haidroliki inarudi kulegea kabla msimu haujaisha.

Spana Mkononi: Unazungumzia duka la karibu na stendi?

Mlimaji wa Magugu: Hilohilo. Nilirudisha sili ya silinda ikiwa bado ndani ya karatasi yake, wakanijibu kwamba bidhaa ikishatoka mlangoni ni mali yangu.

Mama Mahindi: Kumbe nawe walikujibu hivyo! Mimi walinikatalia chujio ambalo hata halikuingia mahali pake.