Panya mzee: seli za Leydig zimekufa au zimezubaa?

Kijana wa Watamu Road (Malindi)
Assalaam alaikum wadau. Naandaa mpango wa utafiti wa testosteroni kwa panya wakubwa wa kiume, wa miezi 4 dhidi ya wa miezi 22. Msimamizi asema uzeeni seli za Leydig, zile za korodani zinazotengeneza testosteroni, hufa, kwa hiyo nizihesabu tu kwenye hadubini, yatosha. Mimi sijaridhika. Nitumie panya wa ukoo gani, na nipime nini?

Maalim wa Langoni (Lamu)
Waalaikum salaam. Hesabu peke yake itakupoteza. Kwa panya wa ukoo wa Brown Norway idadi ya seli hizo haipungui. Kinachopungua ni kazi ya kila seli. LH ya damuni, homoni ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo inayoziamuru seli hizo, nayo haishuki kiasi cha kueleza tofauti, maana yake amri ya pituitari inafika ila seli haiitikii. LH ikishika kipokezi, cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, hutoka kidogo. StAR, protini inayobeba kolesteroli, imepungua, basi kolesteroli, malighafi ya testosteroni, haiingii ya kutosha ndani ya mitokondria, na vimeng'enya vya mbele vinavyoigeuza, kuanzia CYP11A1, navyo vimelegea.

Ukoo wa Fischer 344 waache kabisa. Wakifika miaka 2 karibu wote wana uvimbe wa seli za Leydig, sasa hapo utahesabu nini? Ukoo wa Sprague-Dawley hunenepa na LH yao hushuka, hutajua kosa ni la korodani au la kichwani.

Bi Pipeti
Nyongeza ya vitendo, jinsi ya kuzitenga seli hizo. Vua ganda la korodani, tia kolajenesi, kimeng'enya kinacholegeza tishu, miligramu 0.25 kwa mililita, nyuzi 34, mtikiso 90 kwa dakika. Usitegemee saa, tazama mirija ya mbegu: ikishaachana kama tambi zilizoiva, mimina midia baridi papo hapo. Ukizidisha, seli hupasuka na DNA yao hugandisha kila kitu. Chuja, pitisha kwenye Percoll, kimiminika kinachotenga seli kwa uzito wake, chukua tabaka la gramu 1.070 kwa mililita na yaliyo mazito zaidi chini yake.

Kisha paka rangi ya 3β-HSD, kimeng'enya kinachotambulisha seli za Leydig. Zilizoshika rangi zikiwa chini ya asilimia 90, usiendelee. Makrofaji, seli za kinga, hung'ang'ania pamoja na seli za Leydig, na zikiwa nyingi kwenye chupa ya wazee, testosteroni "kwa seli milioni" itaonekana imeshuka na kumbe umegawanya kwa seli zisizohusika. Angalia pia: kimeng'enya hicho chenyewe hupungua uzeeni, kwa hiyo zipe seli za wazee muda zaidi wa kushika rangi.

Baada ya hapo gawa mafungu manne, saa 2 kwa nyuzi 34: bila kitu, LH nanogramu 100 kwa mililita, dibutirili-cAMP (cAMP inayopenya seli bila kipokezi) milimola 1, na haidroksikolesteroli ya 22R, mikromola 20. Hii ya mwisho huingia mitokondria bila kubebwa na StAR. Fungu la LH likiwa chini lakini la cAMP likapanda, kosa liko kwenye kipokezi au karibu yake. La 22R nalo likibaki chini, vimeng'enya vimo lawamani.

Kijana wa Watamu Road
Shukran Bi. Na zikishazeeka ndiyo basi, hazirudi?

Maalim wa Langoni
Zipya huja. EDS, kemikali ya sumu, miligramu 75 kwa kilo, sindano moja ya tumboni, huua seli za Leydig za panya mkubwa ndani ya siku chache. Wiki 10 hivi baadaye zimeota nyingine, na kwa Brown Norway mzee hizo mpya hutoa testosteroni kama za kijana. Mwili mzee haukuzizuia; uzee ulikuwa ndani ya seli zile za awali. Watafiti Chen na Zirkin walionyesha mwaka 1999 jambo la kushangaza zaidi: seli zikilazwa miezi mingi kwa vipandikizi vya testosteroni vinavyozima LH, zikiamshwa hufanya kazi kama za ujana. Wanaoshuku kwamba seli huzeeshwa na oksijeni chafu inayotokana na kazi yenyewe ya kutengeneza homoni wana hoja nzito.
Kwa vipanya vidogo (mouse, si rat) hapana, EDS haiwaathiri hivyo. Vaa glavu, ni sumu.

Mwana Kaskazi
Hapa Malindi mchungeni joto. Chumba cha panya kinatakiwa nyuzi 20 hadi 26, na Februari umeme ukikatika alasiri hufiki hapo. Zungusha vizimba, wazee wasiwe upande wa dirishani peke yao. Damu toeni saa ile ile kila siku, mzee mmoja kijana mmoja kwa zamu, maana testosteroni hutoka kwa mapigo. Panya aliyekimbizwa kizimbani hupandisha kotikosteroni, homoni ya msongo, nayo huishusha testosteroni, kwa hiyo wazoesheni mikono wiki nzima kabla.