Naomba ushauri: kufundisha kazi ya protini katika ukuaji wa mbegu za kiume

Ndugu wanachama, ninafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Tabora. Naomba ushauri wa kueleza namna histoni (protini ambazo DNA huzizunguka) zinavyoondolewa katika kiini cha mbegu ya kiume inayokomaa, nafasi yake ikachukuliwa kwanza na protini za mpito, kisha na protamini, ambazo kwa wingi wa arginini (asidi amino) yenye chaji chanya huishika DNA na kuikaza mno. Wanafunzi wangu, wengi wao watoto wa wafugaji, wameniuliza swali zuri sana: kwa nini binadamu na panya wana protamini 1 na 2, ilhali fahali hutegemea protamini 1? Maabara yetu ina hadubini za kawaida tu. Je, nianzie kwenye kemia ya chaji, au kwenye umbo la kichwa cha mbegu?