Warren Zevon: albamu ya 1976, Excitable Boy au The Wind, nianze na ipi?

Kinanda_Usiku:
Wakuu habari. Huyu Warren Zevon, mwimbaji na mtunzi wa rock wa Marekani, nimekuja kumjua juzijuzi tu, niliposikia ameingizwa Rock and Roll Hall of Fame (ukumbi wa heshima wa wanamuziki wa rock) 2025, miaka 22 baada ya kufariki. Kabla ya hapo nilikuwa naujua wimbo wake Werewolves of London basi. Sasa nataka nikae nisikilize albamu moja mwanzo mwisho na nimebaki na tatu, ile yenye jina lake (1976), Excitable Boy (1978) na The Wind (2003). Anayemjua anishauri na aseme kwa nini.

Mzee wa Santuri:
Excitable Boy mdogo wangu, wala usizunguke. Nyimbo 9 tu na ndiyo iliyomtoa, Werewolves ilifika namba 21 kwenye chati ya Billboard ya Marekani, na besi na dramu za wimbo huo ni John McVie na Mick Fleetwood wa bendi ya Fleetwood Mac. Ila usiishie hapo, sikiliza Roland the Headless Thompson Gunner. Aliitunga na jamaa aliyewahi kuwa askari wa kukodiwa, alikuwa na baa Sitges kule Hispania, Zevon akawa anapiga muziki pale 1975. Stori inapita vita vya Biafra kule Nigeria, inapita Kongo, Roland anasalitiwa na mwenzake kichwa kinafumuliwa kwa risasi, halafu mzuka wake usio na kichwa unamsaka muuaji hadi unamkuta baa Mombasa!! Siku ya kwanza nilisimamisha muziki nikarudisha nyuma kuhakikisha nimesikia sawa.

Nota_Tamu:
Mzee nakuheshimu ila hapo napinga. Akianza na Excitable Boy atadhani jamaa ni wa vichekesho na mizuka tu, na ndivyo wengi walivyomchukulia maisha yake yote, inaniuma sana. Ya 1976 ndiyo inaonyesha mtu mzima. Prodyuza ni Jackson Browne, waitikiaji kina Bonnie Raitt, Stevie Nicks, Don Henley. Kuna wimbo anasimulia wazazi wake, mama alikatazwa kuolewa na mcheza kamari akagoma kusikia, na baba yake kweli alikuwa mtu wa kamari. Kuna Carmelita, mraibu wa heroini kaweka rehani mpaka taipureta yake. Wacheka kidogo kisha unajikuta umenyamaza. Na Desperados Under the Eaves inaisha anasikiliza mlio wa kiyoyozi hotelini, ule mlio unageuka kuwa kwaya, Carl Wilson wa bendi ya Beach Boys ndiye alipanga sauti. Mwimbaji Linda Ronstadt alirekodi nyimbo kadhaa za humu, jiulize kwa nini.

besi_nne:
Vipi Life'll Kill Ya ya 2000? Mbona haimo?

Nota_Tamu:
Nzuri sana hiyo mkuu, imejaa magonjwa na kifo na aliandika kabla hajajua anaumwa. Ila si ya kuanzia.

Upepo wa Jioni:
Mimi niliuguza mama kwa saratani kwa hiyo naongea kama mtu niliyeishi na The Wind. 2002 madaktari walimwambia Zevon ana mesothelioma, aina ya saratani, na kabakiza miezi kama 3 hivi, akaamua kuingia studio. Oktoba mwaka huo mtangazaji wa TV David Letterman akampa shoo nzima, akamuuliza amejifunza nini, jamaa akajibu habari ya kufurahia kila sandwichi. Mtu anakufa na bado anakuchekesha, na hakuna uongo ndani yake. Wimbo wake wa mwisho usiku ule ulikuwa Roland, Letterman mwenyewe aliuomba. Albamu ilitoka Agosti 26, 2003 na yeye akafariki Septemba 7, miaka 56. Grammy mbili zikaja 2004 hayupo. Lakini Kinanda, usianze nayo tafadhali. Keep Me in Your Heart anaomba akumbukwe kidogo tu, sasa utamkumbukaje mtu ambaye hujakaa naye? Anza ya 1976, hii ije mwisho.

Mzee wa Santuri:
Hapo kwa The Wind umenena dada, na pole kwa mama. Sawa 1976 iende mbele, lakini Roland nisimsikie mtu anamruka.

Kinanda_Usiku:
Shukrani wote. Nimeanza ya 1976 usiku huu, nimefika Carmelita na nimekwama hapo, hii ni mara ya nne narudia, ile taipureta haitoki kichwani.