Umeme unakatika katika, Commodore 64 itapona kweli?

Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanga hapa Kigoma, marehemu mjomba kaniachia Commodore 64, zile kompyuta za zamani zilizotoka 1982, na bado inawaka vizuri tu. Sasa umeme ukikatika halafu ukarudi na fujo, taa zinawaka sana kisha zinafifia, hii kitu itapona? Stabilaiza ya friji inatosha?

fundi_redio: Mkuu hofia adapta yake kwanza. Inatoa volti 5 za DC na 9 za AC, na regyuleta (kile kinachoshikilia volti zisipande) ya hizo 5 ikizeeka inapitisha zaidi, chipu za memori zinaondoka hata kama umeme wa ukutani umetulia. Kufungua ni shida maana wengi wameikuta imejazwa gundi ngumu ndani. Stabilaiza inalinda wa ukutani tu, huko ndani haioni kitu. Chukua mita upime hizo volti 5, ikivuka 5.25 usiichomeke tena.

mama_J: Mimi ukikatika nachomoa kila kitu ukutani, switchi siziamini. Friji naipa dakika 5 ndo nairudisha, kompresa inateseka ikianza na presha bado iko juu. TV ya chogo ndo sugu, haijawahi kunisumbua.

kijana_wa_ujiji: Na ukikatika unaandika programu, imeenda hiyo! Haina hadidisiki, sevu kwenye kaseti kila mara.

Mwenye uzi: Nimeazima mita, inasoma 5.6 😭 nani anauza adapta mpya?