Betri ya simu ya upepo ya zamani (Motorola GP300): niweke seli gani, na chaja ile ile itafaa?

Mawimbi_Pwani

Wakuu, habari za kazi. Nina Motorola GP300 ya VHF. Simu yenyewe ni nzima, inapokea vizuri, ila nikibonyeza kuongea inatoa mlio halafu inazima. Lebo ya betri inasema Ni-Cd (nikeli-kadimiamu), 7.5 V, 1200 mAh. Nimefungua kasha na kukuta seli 6 zimeungwa kwa mfululizo, kila moja kipenyo mm 17 na urefu mm 43. Ikitoka kwenye chaja asubuhi inasoma 8.1 V bila mzigo, nikibonyeza kuongea inashuka hadi 5.6 V. Seli mbili zina unga mweupe upande wa chanya. Kuna pia kidude kama punje ya mchele kilichobandikwa kati ya seli, dayodi moja, rezista moja, na kipande bapa cha fedha kwenye njia ya waya wa hasi.

Naomba kujua: seli gani zinafaa? Nimeshawishika na seli mbili za lithiamu za 18650, maana zinatoa 7.4 V na zinapatikana kwenye betri mbovu za kompyuta mpakato. Pili, naweza kulehemu moja kwa moja juu ya seli? Tatu, chaja ya mezani iliyokuja na simu itaendelea kutumika?

SeliNzima

Mkuu, anza na swali lako la tatu, kwa sababu ndilo linaloamua la kwanza. Chaja ndiyo inayochagua aina ya seli. Simu haijali sana, ilimradi ipate volti zake.

Vipimo vyako kwanza. Kutoka 8.1 hadi 5.6 ni anguko la 2.5 V. Simu ya wati 5 ikitangaza inavuta karibu 1.6 A, kwa hiyo ukinzani wa ndani wa betri yote ni kama 1.5 Ω. Betri nzima ya seli 6 inatakiwa kuwa kwenye 0.2 Ω hivi pamoja na viungo. Ndiyo maana inapokea bila shida, maana kupokea hakuvuti mkondo mkubwa, lakini kutangaza kunaiangusha. Usipoteze muda kuzifufua kwa kuzichaji na kuzimaliza mara kwa mara. Ule unga ni potasiamu kaboneti: maji ya ndani yameshavuja na kukauka, na seli iliyovuja hairudi. Usibadilishe hizo mbili tu pia. Seli dhaifu ikichanganywa na mpya huisha kwanza, kisha zilizobaki zinausukuma mkondo ndani yake kinyume, hasi inakuwa chanya. Hapo inakufa moja kwa moja.

Sasa lithiamu. Usiweke, na si kwa sababu ya volti. Seli 2 za lithiamu zinataka chaja inayofika 8.4 V, ishikilie hapo huku mkondo ukipungua, kisha ikate kabisa. Chaja ya Ni-Cd haina kikomo cha namna hiyo. Inasukuma mkondo na kuacha volti ipande yenyewe, ikisubiri dalili ambazo lithiamu haitoi. Ukiweka bodi ya ulinzi (saketi ndogo inayokata mkondo kukiwa na hatari), bodi ndiyo itakayobeba kazi ya kukata kila siku, na ile imewekwa kwa ajali tu. Ikishindwa siku moja, una moto kiunoni. Zaidi ya hapo, 18650 ni mm 18 na kasha lako limetengenezwa kwa mm 17. Ile milimita moja utaitafuta kwa kukwangua ukuta wa plastiki.

Umebaki na njia mbili.

Ya kwanza ni Ni-Cd kwa Ni-Cd: saizi inayoitwa 4/5A, 1200 mAh, yenye vichwa bapa na masikio ya nikeli yaliyochomelewa kiwandani. Chaja haibadiliki, hakuna cha kufikiria.

Ya pili ni Ni-MH (nikeli na haidraidi ya metali) ya saizi ile ile, ambayo inafika kama 2000 mAh. Tuseme simu inatangaza asilimia 5 ya muda, inapokea asilimia 5 na kukaa kimya asilimia 90, kipimo ambacho watengenezaji wa simu za upepo wanakitumia. Ukichukua 1.6 A, 0.2 A na 0.06 A, wastani ni karibu 145 mA. 1200 mAh inakupa saa 8, 2000 mAh inakupa 13 na kitu. Ni tofauti ya zamu nzima.

Lakini Ni-MH ina masharti. Ni-Cd ikichajiwa inakaa baridi mpaka karibu na kujaa, ndipo inapanda joto ghafla, na volti yake inashuka wazi, kama mV 10 hadi 20 kwa kila seli. Ni-MH inapata joto tangu mwanzo, na mshuko wake ni mdogo, mV 5 hadi 10. Chaja ya zamani inaweza isiuone mshuko huo ikaendelea kusukuma. Seli zinachemka, vali inafunguka, maji yanatoka, na baada ya miezi michache unarudi hapa hapa ulipo leo.

Kama chaja yako ni ile ya polepole, saa 14 hadi 16, Ni-MH haina tatizo kubwa, ila usiiache humo siku nzima baada ya kujaa. Ni-Cd inavumilia kuachwa kwenye mkondo mdogo, Ni-MH haipendi.

Lehemu_Safi

SeliNzima amemaliza upande wa kemia. Niongeze upande wa mikono.

Usilehemu moja kwa moja kwenye seli kama unaweza kukwepa. Chini ya kichwa cha chanya kuna kizibo cha mpira au plastiki ambacho ndicho vali, na joto la kulehemu linakiyeyusha kabla hujaona chochote nje. Agiza seli zenye masikio, kisha lehemu sikio kwa sikio. Ukikosa, tafuta fundi mwenye mashine ya kuchomelea kwa nukta, utepe wa nikeli safi unene mm 0.15, upana mm 7 hivi. Utepe unaouzwa bei ya chini mara nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukwaruze kwa msasa, uloweke kwenye maji ya chumvi usiku mmoja. Ukipata kutu, si nikeli safi, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi.

Ukilazimika kulehemu juu ya seli: chuma cha wati 60 au zaidi chenye ncha nene, kikwaruze kichwa kwa msasa, paka flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika), gusa sekunde 2, toa. Chuma cha wati 25 ndicho kinachoua seli, kwa sababu unakishikilia sekunde 15 ukisubiri risasi iyeyuke, na muda wote huo joto linashuka ndani.

Kabla ya kuunga, chaji kila seli peke yake, iache saa moja, pima. Kisha zimalize kwa mkondo unaojulikana hadi 1.0 V kila moja uone uwezo wake. Chagua sita zinazokaribiana ndani ya asilimia 3. Nunua nane upate sita. Zipime pia kwenye mizani: 4/5A ya kweli ya 2000 mAh ina gramu 30 na zaidi. Nyepesi sana ni ndogo ndani ya koti kubwa, hata kama lebo inasema 3000.

Kosa linaloleta shoti nyingi kwenye kazi hii ni ukingo wa chanya. Gamba lote la seli ni hasi, likiwa ni pamoja na ule mdomo unaozunguka kichwa cha chanya, na kinachotenganisha ni koti jembamba la plastiki. Utepe unaopita juu ya ukingo huo unalikata koti polepole kwa mtikisiko, na simu ya upepo inadondoshwa kila siku. Weka pete ya karatasi ngumu ya kuhami kwenye kila kichwa cha chanya kabla ya utepe. Haina mjadala.

Vile vidude vyako: punje ya mchele ni thamista, inaiambia chaja joto la seli. Nyingi ni 10 kΩ kwenye nyuzi 25. Ukipima Dar mchana kwenye nyuzi 30 utasoma kama 8 kΩ, usidhani imekufa. Ishike kwa vidole, namba ishuke. Irudishe ikigusa seli mbili za katikati, ibandike kwa tepi inayovumilia joto, isielee hewani. Kipande bapa ni swichi ya joto au fyuzi. Ukikilehemu, bana mguu wake kwa koleo kati ya risasi na mwili ili joto liishie kwenye koleo, la sivyo utakikata mwenyewe. Dayodi iko kwenye njia ya kuchajia ili funguo au sarafu mfukoni zisipige shoti kupitia vidole vya nje (vipande vya chuma ambavyo betri hugusana navyo na chaja); mstari wake unaelekea kwenye chanya ya seli. Rezista inaitambulisha betri kwa chaja. Usiache hata kimoja. Piga picha kabla ya kukata waya wa kwanza.

Vidole vya shaba vyenye ukijani visafishe kwa siki, kisha spiriti, kisha vikauke. Kasha lifunge kwa epoksi kwenye ukingo. Gundi ya haraka inaacha ukungu mweupe na haivumilii kudondoka.

Nanga_VHF

Angalia lebo kabla hujaendelea. Kama ina alama ya Ex au cheti cha kutumika kwenye bohari ya mafuta, mgodi au ghala la gesi, usiifungue kwa matumizi ya huko. Ndani yake kuna vizuizi vya mkondo vilivyopimwa ili cheche isiwashe mvuke, na ukishaifungua cheti kimekwisha. Huko inanunuliwa mpya.

Seli za zamani zina kadimiamu, sumu. Usizichome, usizipasue. Vaa glavu ukigusa ule unga, na zipeleke kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.

Mawimbi_Pwani

Nimeelewa, lithiamu nimeiacha. Haina alama ya Ex. Naelekea Ni-MH 2000, ila chaja yangu ni ya haraka, ina taa nyekundu na kijani, hakuna maelezo mengine. Nitajuaje kama inakata kwa usahihi?

SeliNzima

Pima mkondo wake kwanza. Weka rezista ya 0.1 Ω ya wati 1 kwenye njia ya chanya na usome volti juu yake. mV 100 ni 1 A. Kwa 1 A, Ni-Cd ya 1200 inajaa kama saa moja na nusu, 2000 inahitaji saa mbili na nusu. Chaja ikiwa na saa ya usalama itakata mapema na betri haitajaa kamwe. Hilo halina hatari, ila umelipia saa 13 unapata 9.

Chaji ya kwanza usiifanye humo. Seli mpya zilizokaa ghalani haziko sawa, na chaja ya haraka inaweza kukata kwa dalili ya uongo. Tumia LM317 (kidude cha kudhibiti volti chenye miguu mitatu) kama kidhibiti cha mkondo: rezista ya 6.2 Ω kati ya mguu wa kutoa na wa kurekebisha inatoa 1.25 ÷ 6.2, yaani karibu 200 mA, moja ya kumi ya uwezo. Rezista iwe ya nusu wati. Adapta iwe ya 15 V. Ya 12 haitoshi, kwa sababu seli 6 zinapanda hadi kama 9 V na LM317 inakula zaidi ya 3 V zake. Weka bati la kupooza, na dayodi ya 1N4007 kwenye njia ya kutoka ili betri isirudishe mkondo umeme ukikatika. Saa 16, toa.

Kisha itumie mpaka simu ilie, ndipo uiweke kwenye chaja ya haraka ukiwa umekaa nayo. Bandika kipimajoto kwenye seli za katikati na kasha likiwa bado halijagundishwa. Soma kila dakika 5, na baada ya saa mbili kila dakika moja. Joto likianza kukimbia nyuzi 1 kwa dakika na taa ikageuka kijani ndani ya dakika chache, chaja inaona vizuri, funga kasha. Ikivuka nyuzi 45 taa bado nyekundu, itoe hapo hapo, na chaja hiyo ibaki ya Ni-Cd.

Lehemu_Safi

Na ukiwa unajaribu, bonyeza kuongea sekunde 10 ukisoma volti kwenye vidole vya betri, antena ikiwa imefungwa. Betri iliyojaa isishuke chini ya 7.2. Ikishuka zaidi na seli ni mpya, tafuta kiungo chenye joto: pitisha kidole kwenye kila utepe mara tu baada ya kutangaza, kibaya kitajitambulisha.